Fremu ya XL125, injini ya CG200: mahali pikipiki ya mchanganyiko inapoharibikia

Honda XL125 za zamani, zile walizokuwa wakiendesha mabwana shamba na watu wa miradi, bado zimejaa vijijini. Nyingi zimeegeshwa chini ya mti, fremu nzima, injini imekufa. Fremu yenyewe ni ya kazi: gurudumu la mbele inchi 21, la nyuma inchi 18, tumbo liko juu, inapita korongoni bila kugonga. Ila pistoni, kemu na cheni ya taimingi za injini yake ni shida kuzipata, na zikipatikana bei inakatisha tamaa. Wakati huohuo, injini za aina ya CG kutoka China zina spea mpaka kwenye duka la kijijini linalouza sukari na kiberiti. Ndiyo maana mchanganyiko huu unafanywa sana: fremu ya XL, injini ya CG200, na vitu vingine kutoka popote vilipopatikana.

Wengi huharibu mahali pamoja. Wananunua vipande badala ya kununua seti. Pikipiki ina makundi ya vitu ambavyo vimetengenezwa kufanya kazi pamoja, na ukivunja kundi unajitafutia kazi ya wiki nzima. Sumaku, koili za magneti na CDI (kisanduku kinachoamua cheche itoke lini) ni kundi moja. Shokapu za mbele, tii za usukani (vishikio vya juu na chini vya shokapu), ekseli na sahani ya breki ni kundi jingine. Habu ya nyuma, mpira wa damba, sproketi kubwa na bushi zake ni la tatu. Ukichanganya, changanya makundi na makundi. Usichanganye ndani ya kundi.

Kwanza soma namba ya injini. Kwenye injini hizi utakuta maandishi kama 156FMI, 162FMJ au 163FML. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, mbili zinazofuata ni kipenyo cha pistoni kwa milimita kwa kukadiria, F ni kupozwa kwa hewa, M ni pikipiki, na herufi ya mwisho inaonyesha ukubwa: I ni 125, J ni 150, L ni 200. 163FML ina pistoni ya mm 63.5 na mwendo wa mm 62.2, yaani cc 197. Asili ya familia hii ni Honda CG125 ya mwaka 1976, yenye fimbo za kusukuma vali badala ya cheni ya taimingi, na hiyo ndiyo sababu inavumilia mafundi wa aina zote. Kuna injini za cc 200 zenye shafti ya kusawazisha mtikisiko na zisizo nayo. Chukua yenye nayo ukiweza. Fremu ya XL haikutengenezwa kwa mtikisiko wa cc 200, na nyufa hujitokeza kwanza kwenye masikio ya kushikia injini.

Kabla hujalipa, mambo mawili ya karatasi. Kadi ya pikipiki ina namba ya chesisi na namba ya injini, na injini mpya ikishaingia, kadi na pikipiki havisemi kitu kimoja tena. Chukua risiti ya injini na maelezo ya muuzaji, kisha peleka mabadiliko TRA, au NTSA kwa walio Kenya, kabla hujakutana na askari wa barabarani. Jambo la pili: namba ya chesisi imegongwa kwenye kichwa cha fremu, pale usukani unapopita. Usipitishe grainda wala usichomelee karibu na namba hiyo, hata kama kutu imekula. Fremu yenye namba iliyoguswa haiuziki, na kuieleza kituoni ni kazi.

Sasa kazi yenyewe. Watu huanza kwa kuining'iniza injini ndani ya fremu na kutafuta inapokaa vizuri. Inapokaa vizuri kwa macho si lazima iwe mahali pake. Kinachoamua injini ikae wapi ni mstari wa cheni, na mstari wa cheni unatokana na gurudumu la nyuma. Kwa hiyo gurudumu la nyuma linatangulia, likae katikati ya fremu, liwe na bushi zake za mwisho, ndipo injini iifuate sproketi.

Kupata katikati, simamisha fremu wima kwa pimamaji, kisha funga uzi kutoka katikati ya kichwa cha fremu hadi nyuma, upite juu ya katikati ya mhimili wa mkono wa nyuma, yaani ule uma unaoshika gurudumu. Tairi igawanywe na uzi huo sawa kwa sawa. Habu ya CG mara nyingi haina upana sawa na ya XL, kwa hiyo utahitaji bushi mpya kila upande. Zikerezwe na fundi wa mashine kwa chuma, si bomba la maji lililokatwa kwa msumeno; ncha za bomba hilo hazilingani, na ukikaza ekseli gurudumu linakaa upande. Tofauti ndogo, ya milimita tatu au nne, unaweza kuimaliza kwa spoku: legeza za upande mmoja, kaza za upande wa pili, nusu mzunguko kwa kila spoku, ukizunguka ringi nzima kabla ya kurudia.

Ndani ya habu, katikati ya beringi mbili, kuna bushi ndefu ambayo haionekani ukiwa umesimama nje. Kwenye habu za mtumba bushi hii hukosekana mara nyingi sana, kwa sababu fundi aliyebadilisha beringi aliona inamsumbua. Bila hiyo, ukikaza ekseli unazikandamiza pete za ndani za beringi kuelekeana, na beringi mpya zinakufa ndani ya siku chache. Chomeka kidole utafute. Kama haipo, ikerezwe kwa urefu ule ule wa umbali kati ya mabega ya beringi ndani ya habu.

Ekseli na beringi ni hesabu ya namba zilizochapwa ubavuni. 6301 ni tundu mm 12, kipenyo cha nje mm 37, unene mm 12. 6202 ni 15 kwa 35 kwa 11. 6302 ni 15 kwa 42 kwa 13. Ukiwa na habu ya 6202 na ekseli ya mm 12, usikubali kuambiwa itakaa. Weka bushi ya kupunguza tundu, au bora zaidi, tumia ekseli ya mm 15 na panua tundu za mkono wa nyuma.

Gurudumu likishatulia, chukua rula ndefu ya chuma au bomba la pembe nne lililonyooka, lilaze ubavuni mwa sproketi kubwa, na lielekeze mbele. Hapo ndipo sproketi ndogo ya injini inapotakiwa kuwa. Kosa la milimita moja linavumilika, mbili ni mwisho. Zaidi ya hapo cheni inakula meno upande mmoja na siku moja inaruka. Kama injini haiwezi kusogea kwa sababu ya fremu, kuna njia mbili za halali: sproketi ndogo yenye mgongo uliochomoza, au kukereza kidogo sehemu ya habu inapokalia sproketi kubwa. Kuweka wosha nyuma ya sproketi ndogo si njia. Sproketi hiyo inakaa kwenye meno ya shafti na bati lake la kufungia, na wosha inaondoa ule mshiko.

Soma pia namba ya cheni. 420 na 428 zote zina hatua ya mm 12.7, kwa hiyo sproketi ya 420 itazunguka ndani ya cheni ya 428 bila kelele na utadhani umefanikiwa. Upana ndio tofauti: 420 ni mm 6.35 na 428 ni karibu mm 7.9. Sproketi nyembamba ndani ya cheni pana inacheza, na meno yanachongoka mapema. 520 ni hatua ya mm 15.9 na haiingiliani na hizo kabisa. Sproketi ndogo za CG zinauzwa za tundu la mm 17 na la mm 20, basi nenda dukani na ile ya zamani mkononi.

Uwiano wa meno uamue kulingana na kazi. Mbele 15 na nyuma 45 ni 3.0, nzuri kwa mlima na mzigo. Mbele 16 na nyuma 40 ni 2.5, kwa barabara ya lami. Jino moja mbele ni sawa na takriban matatu nyuma: 48 kwa 15 ni 3.2, na ukiongeza jino moja mbele unapata 3.0, sawasawa na kushusha nyuma hadi 45. Injini ya cc 200 inavuta uwiano mrefu kuliko ile ya XL ya cc 124, kwa hiyo ukibaki na sproketi za zamani utakuta gia ya tano inaisha wakati pikipiki bado inatembea polepole, injini inalia bure.

Ndipo masikio ya injini. Weka injini juu ya vipande vya mbao ndani ya fremu, sproketi ikiwa kwenye mstari, kisha angalia vitu vinne kabla hujakata bati hata moja. Je, kifuniko cha vali kinatoka bila kushusha injini? Acha angalau milimita 25 juu yake, maana vali utazikaza mara kwa mara. Je, kiki inazunguka yote bila kugonga kikanyagio? Je, cheni inapita juu na chini ya mhimili wa mkono wa nyuma bila kusugua? Je, kabureta itasimama wima kama ilivyokuwa kwenye pikipiki yake? Injini ikilazwa zaidi ya ilivyozoea, kabureta nayo inalala, floti haifungi vizuri, na petroli inamwagika kupitia bomba la chini.

Masikio yawe ya bati la mm 6, boliti za M8 au M10 zenye alama 8.8 kichwani. Shika kwanza kwa vidoti huku injini ikiwa imefungwa, halafu itoe injini nje ndipo uchomelee kikamilifu. Mabomba ya fremu ni membamba, kwa hiyo ukitumia umeme wa vijiti, kijiti cha mm 2.0 kwa ampia 40 hadi 60 kinatosha. Cha mm 3.2 kitatoboa. Chomelea vipande vifupi kwa kubadilishana kushoto na kulia, vinginevyo joto linavuta fremu upande mmoja na uzi wako wa katikati umeshakuwa hadithi. Wakati wa vile vidoti, waya wa chini wa mashine ubane kwenye bomba la fremu karibu kabisa na pale unapochomelea. Usiubane kwenye injini. Umeme ukipita ndani ya injini unapita kwenye beringi za kranki na kuacha vishimo vidogo, ambavyo utavisikia baada ya miezi kama mvumo usioisha. Betri na CDI viwe vimetolewa kabisa.

Mbele ndiko watu wanakotamani breki ya diski, na hapo ndipo sheria ya seti inapouma. Shokapu, tii zote mbili, ekseli, gurudumu, kalipa na masta silinda vitoke pikipiki moja. Tatizo linalobaki ni kichwa cha fremu tu. Pima vitu vitano kwa venia: tundu la juu na la chini la kichwa cha fremu, kipenyo cha mhimili wa tii juu na chini, kisha urefu wa kichwa. Fremu za XL zilikuwa na gololi za kumwagwa. Ukipata beringi ya mchongo (yenye roli za mshazari) inayolingana na tundu la kichwa na mhimili wa tii, umemaliza. 32005 kwa mfano ni tundu mm 25, nje mm 47, unene mm 15. Kama hailingani, mkerezaji atengeneze pete za kuziba tofauti. Njia nyingine ni kuutoa mhimili wa XL kwenye tii yake na kuukandamiza ndani ya tii mpya, ila kwenye tii nyingi mhimili umechomelewa, si wa kukandamizwa tu. Huo usiupige nyundo.

Tii mpya inabadilisha jinsi pikipiki inavyonyooka barabarani. Chukua mfano: shokapu zimelala nyuzi 26, gurudumu lina nusu kipenyo cha mm 300, na tii inazisukuma shokapu mbele kwa mm 45 kutoka mhimili. Mguso wa tairi chini unabaki nyuma ya mstari wa usukani kwa karibu mm 96. Weka tii ya mm 60 na umbali huo unashuka hadi karibu mm 80: usukani unakuwa mwepesi mjini, na kwenye kasi unaanza kutikisika mkononi. Shokapu ndefu zaidi hufanya kinyume. Kuinua mbele kwa mm 25 kwenye pikipiki ya urefu wa mm 1300 kati ya magurudumu kunaongeza mlalo kwa nyuzi moja na kidogo. Na usisahau vizuizi vya usukani. Bila hivyo shokapu zinagonga tangi na kuminya nyaya kila unapokata kona ya mwisho.

Ukibaki na breki ya drami, chunguza kama shokapu ina jino la kushikia sahani ya breki. Shokapu za diski hazina. Gurudumu la drami ndani ya shokapu za diski litazunguka vizuri kabisa hadi siku unapobana breki: sahani inageuka pamoja na gurudumu, inaviringa kebo, na tairi la mbele linafunga ghafla. Hili linavunja shingo, sitanii. Nyuma vilevile, fimbo ya kuzuia sahani iwepo, boliti zake ziwe na pini za kufungia.

Masta silinda ya diski moja kwa kawaida ni mm 12.7. Ukipachika ya mm 14 kwa kuwa inapendeza, eneo linaongezeka kwa asilimia 21 hivi: mkono unakuwa mgumu na nguvu ya kubana inapungua kwa karibu asilimia 18. Kubwa si bora.

Umeme ni sura ndefu, lakini makosa yake ni machache na yanajirudia. XL125S za mwanzo zilikuwa za volti 6. Usijaribu kuokoa nyaya zake. Chukua fungu zima la nyaya, swichi, CDI, koili na regyuleta kutoka kwa CG, volti 12, uliweke juu ya fremu na kufupisha panapozidi. Kisha balbu na honi zote ziwe za volti 12, maana balbu ya 6 itawaka vizuri sana kwa sekunde moja.

Ukilazimika kuchanganya nyaya, rangi zinadanganya. Honda na CG: kijani ni ethi, nyekundu ni betri, nyeusi ni umeme wa baada ya swichi, nyeusi-nyeupe ni ya kuzimia injini. Kwa Suzuki, nyeusi-nyeupe ni ethi. Kwa Yamaha, nyeusi tupu ndiyo ethi. Kwa Bajaj, nyeusi-njano. Unganisha fungu la Suzuki na CDI ya CG kwa kufuata rangi na umeipeleka waya ya kuzimia moja kwa moja kwenye ethi: injini haitoi cheche milele, na utabadilisha koili tatu kabla hujagundua. Unganisha la Yamaha na fyuzi inaungua ukigeuza ufunguo.

CDI nazo ni za aina mbili. Ya AC inalishwa na koili yake kwenye magneti (nyeusi-nyekundu kwenye CG), haihitaji betri, na huzimwa kwa kugusisha waya ethi. Ya DC inakula volti 12 za betri na huzimwa kwa kukatiwa umeme. Swichi ya aina moja haizimi nyingine. Kwa shamba, AC, kwa sababu betri ikifa bado unapiga kiki na kurudi nyumbani. Ukiona cheche ipo lakini injini inarudisha nyuma kiki au inapiga risasi kwenye ekzosi, shuku sumaku ya pikipiki nyingine: kile kibonge cha nje kinachoiamsha pikapu (koili ndogo inayoiambia CDI wakati wa cheche) kina urefu na mahali tofauti.

Injini ikishawaka, pima betri: volti 13.5 hadi 14.5 kwenye mzunguko wa wastani. Ikipanda juu ya 15, regyuleta haina ethi nzuri. Sehemu yake ya kukaa isiwe na rangi.

Kabureta ya cc 200 ni PZ30. Mpira wa kuingia kwenye kikasha cha hewa cha XL hautalingana na mdomo wake, na pengo dogo hapo linanyonya vumbi lililopita nyuma ya chujio. Pete za pistoni zinamalizwa na vumbi hilo kuliko na mwendo wowote. Tafuta mpira unaobana, wala si silikoni iliyopakwa. Baada ya hapo plagi ya D8EA, mwanya mm 0.7, na vali mm 0.08 injini ikiwa baridi, oili lita moja ya 20W-50 yenye alama ya JASO MA ili klachi isiteleze. Ulegevu wa cheni upimwe wakati mtu amekaa na ekseli, mhimili wa mkono na sproketi ndogo viko kwenye mstari mmoja, kwa maana hapo ndipo inapokaza zaidi.

Rangi ipakwe mwisho, baada ya kilomita mia mbili tatu za fremu tupu. Katika kilomita hizo utakaza boliti za masikio mara mbili na kutafuta nyufa kwenye welding kwa brashi na mafuta ya taa: safisha, paka, futa, nyunyiza chokaa, na ufa unajichora wenyewe.

Kitu cha mwisho ni karatasi, iwekwe ndani ya plastiki chini ya siti. Siku ya kutafuta spea muuzaji atauliza ni ya pikipiki gani, na jibu la XL litakuletea kitu kisichoingia. Iandikwe hivi: klachi na gasketi – CG200, 163FML; sproketi ndogo – tundu mm 20; cheni – 428; breki shuu za nyuma na beringi za habu – za CG; pedi na sili za shokapu – jina la pikipiki ulikotoa mbele; beringi za usukani – namba yake na urefu wa pete zilizokerezwa; mkono wa nyuma, bushi zake na kebo ya kilomita – XL.